Aliyepuliza Yunisi

"Jina la baba yangu umelimeza, baba mkubwa. Miaka arobaini na saba umelimeza, na kila redio ikipiga ule wimbo unalimeza upya."

Anayesema hivyo ni Yudith, mama wa makamo, kasimama katikati ya uwanja wa mzee Timotheo Mhapa, Kihesa pale Iringa, mkoba bado uko begani. Katoka Uyole, Mbeya, jana yake, kalala Mafinga kwa wifi yake, asubuhi kadandia gari ya kwanza. Kiti kaletewa, kakikataa. Chai kaletewa, imekaa mpaka imeota utando.

Mzee Timotheo mwenyewe kakaa kwenye kigoda, saksafoni mapajani, kiwembe mkononi. Anakwangua ridi, kale kaulimi ka mwanzi kanakotetemeka mdomoni mpaka sauti itoke. Wenzake siku hizi wanaagiza ridi za dukani. Yeye anachonga za kwake kwa mwanzi wa ulanzi, tangu enzi zile nchi haina hata sabuni, na mpaka leo anaapa kwamba mwanzi unaotoa pombe unatoa na sauti.

"Mwanangu, kaa kwanza," mke wake, Matilda, alimwambia Yudith. "Mtu hagombi kasimama."

"Mama, nikikaa nitakunywa chai. Nikinywa chai nitaona aibu kusema kilichonileta."

"Kwani Asukile ndo kakutuma?" Timotheo aliuliza, macho kwenye kiwembe.

"Baba angekuwa mtu wa kutuma angetuma zamani. Nimejituma. Moyo wake umechoka, daktari kasema tumhudumie nyumbani. Sikio la kushoto lilishakufa siku nyingi, kabaki na la kulia. Juzi redio ikapiga Yunisi, akaniambia niongeze sauti. Akasikiliza mpaka pale. Pale penyewe. Halafu akasema, nilidhani labda safari hii atanitaja."

Matilda alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Labda hukunielewa," Yudith akasema. Akatoa simu mkobani, akaubonyeza ule wimbo, akaiweka juu ya stuli jirani na kikombe cha chai.

Kwa asiyeujua, Yunisi ni wimbo wa Lukosi Jazz. Hiyo ilikuwa bendi ya dansi ya Nyololo, pale barabara kuu inapopita Mufindi, na mpaka kesho ukiwauliza wazee wa Nyanda za Juu watakwambia zilikuwepo bendi nyingi na ilikuwepo Lukosi. Wimbo unamhusu binti wa wafugaji walioshuka na mifugo yao kutoka kaskazini mpaka bonde la Usangu. Ng'ombe wanarudi zizini jioni, Yunisi harudi. Maneno ni machache, mtoto wa darasa la pili anaweza kuyashika. Kilichoufanya usife ni saksafoni. Katikati pale magitaa yanapungua, ngoma zinashusha sauti, saksafoni inaingia peke yake na inalia dakika nzima na nusu. Watu wazima wameachana wakiusikiliza, na wengine wamerudiana.

Sasa, kwenye dansi kulikuwa na desturi moja. Kabla mwanamuziki hajapiga peke yake, kiongozi wa bendi anamwita kwa jina. Anamwita palepale, ndani ya wimbo, ili aliye nyumbani na redio ajue ni mtoto wa nani huyo. Kijana akitajwa redioni, kwao kunachinjwa kuku. Mama yake akienda kisimani wenzake wanampisha achote kwanza. Hicho ndo kilikuwa cheti chao, kingine hawakuwa nacho.

Simu ikafika pale. Sauti ya Timotheo wa miaka thelathini ikatoka juu ya stuli, nyembamba, imejaa majivuno: "Silvester, gonga ngozi hiyo... Ngolo wa besi, usilale..." Magitaa yakapungua. Ngoma zikashuka. "Na sasa, Timotheo mwenyewe." Saksafoni ikalia.

Yudith akaizima.

"Huyo ni wewe?"

Matilda alimwangalia mume wake, akaona kiwembe kimesimama. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na mama huyu ndo kwanza anajua kwamba kuna swali hapo.

"Si yeye?" Matilda akamuuliza Yudith.

"Muulize, mama. Yuko hapo."

Tumwache mzee na kiwembe chake kidogo, maana safari yake ilianza mbali.

Timotheo alizaliwa Kilolo, mtoto wa nne kwa Walutheri wa kushika dini kwelikweli. Alipokuwa na miaka kumi na mbili waliingizwa kwenye matarumbeta ya kanisa, yeye na wenzake sita, na yeye peke yake ndo hakuvimba midomo. Mwalimu wao alikuwa anasema huyu mtoto kazaliwa na pumzi ya mafahali wawili. Akakua, akaenda kuchuma chai Mufindi. Huko Iringa mjini kulikuwa na Mgiriki wa tumbaku anafunga virago kurudi kwao, anauza mpaka vijiko. Timotheo alienda na mahindi gunia tatu na mbuzi, akarudi na saksafoni. Wenzake kambini walimwita mwehu mwezi mzima. Mwezi wa pili wakaanza kumwomba apige.

Mwaka sabini na mbili akaanzisha Lukosi Jazz. Mwaka sabini na sita kanisa likamtenga. Jina lilisomwa ibadani mbele ya mama yake: Timotheo Mhapa, kwa kupiga muziki wa baa. Mama yake alitoka nje, akakaa chini ya ukuta wa kanisa mpaka ibada ikaisha. Timotheo hakuwepo, alikuwa kalala baada ya dansi. Hiyo ilimuuma, ila siyo hiyo iliyomkosesha raha uzeeni.

Asukile alikuja na reli. Wachina walipokuwa wanajenga, vijana wa Rungwe walishuka kwa mamia kubeba mataruma, na huyu alikuwa mmojawapo, mwembamba, mpole, kalelewa kwenye matarumbeta ya Wamoraviani. Reli ilipopita Makambako, yeye akabaki. Akasikia kuna bendi Nyololo, akaja na miguu yake, akasimama karibu na jukwaa siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne Timotheo akamuuliza, wewe mdogo wangu unatafuta nini. Akajibu, natafuta kushika hicho.

Timotheo akampa akishike. Akamfundisha mwenyewe, kwa wiki tatu, nyuma ya baa, mchana. Akamtafutia saksafoni ya pili, mbovu, vifuniko vinafungwa kwa mipira ya baiskeli. Akamchongea ridi. Alimpenda yule kijana, hilo hata adui yake alijua. Baada ya mwaka mmoja watu wakaanza kuacha vinywaji mezani Asukile akiinuka. Walikuwa hawaachi Timotheo akiinuka. Na Timotheo aliliona hilo akiwa jukwaani, kila wiki, na kila wiki alipiga makofi, kwa sababu yeye ndo kiongozi.

Mwaka sabini na nane, mwezi wa sita, wakaitwa Dar kurekodi. Nyimbo nne, siku moja. Wakapanda lori, wakashuka Kitonga wanaimba. Ruaha Mbuyuni lori likasimama watu wale, na pale, katikati ya malundo ya vitunguu, Silvester mpiga ngoma akamvuta Timotheo pembeni.

"Kaka, nisikufiche. Asukile ana barua. Ya Mbeya. Kuna bendi inamtaka awe mkubwa wao."

"Kakwambia anaenda?"

"Hajaniambia anaenda. Nimeiona barua."

Hapo Timotheo angeweza kumuuliza mwenyewe. Asukile alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, kachuchumaa, anachagua vitunguu vya kumpelekea mama yake. Hakumuuliza. Alipanda lori, akakaa mbele na dereva, na kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Dar hakuongea na mtu.

Studio walikuta kipaza sauti kimoja na mtaalamu mmoja ambaye hakutaka mchezo. Utepe unakwenda, mkikosea mnapoteza nafasi, wanaingia wengine. Yunisi ilikuwa ya mwisho. Kila mtu aliitwa kwa jina lake. Ikafika zamu ya Asukile, akasogea kwenye kipaza, akavuta pumzi, akamwangalia kiongozi wake ili atajwe. Timotheo akasema, "Na sasa, Timotheo mwenyewe."

Asukile angeacha, utepe ungeharibika, bendi nzima ingekosa. Akapuliza. Macho yake hayakutoka usoni kwa Timotheo, na alichopuliza hapo hakuwahi kukipuliza siku nyingine yoyote. Ndo hicho nchi nzima inakijua.

Wakati wa kurudi, lori lilipofika Nyololo, wote walishuka isipokuwa Asukile. Alimwomba dereva ampeleke mpaka Makambako. Saksafoni aliiacha kwenye lori, imefungwa vizuri kwa kanga. Vitunguu alivichukua.

Ile bendi ya Mbeya hakuingia. Timotheo alikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba barua alishaijibu kabla ya safari, na jibu lilikuwa hapana. Asukile alijifunza kutengeneza redio, akafungua kibanda Uyole, jioni akapuliza matarumbeta kanisani. Fikiria kazi hiyo. Watu wanamletea redio, anaifungua, anaifunga, anaiwasha kuijaribu, na inapiga Yunisi.

Na Timotheo? Timotheo alipanda. Yunisi ilimbeba miaka ya themanini yote. Songea, Sumbawanga, Dodoma, kote aliitwa, kote waliutaka huo, na kote ilibidi apulize kile cha mwenzake kama chake. Alikisikiliza kwenye redio mpaka akakishika. Karibu chote. Kulikuwa na mahali pamoja, sauti inapopanda mara ya tatu, saksafoni ya Asukile inafanya kama mtu aliyetaka kulia akameza. Hapo Timotheo hakuwahi kupapata. Alibadilisha midomo ya saksafoni, akabadilisha ridi, akang'oa mpaka jino. Hakupapata. Watazamaji hawakujua. Yeye alijua kila alipofika pale, mara mbili kwa wiki, kwa miaka.

Bendi ilikufa taratibu. Disko likaja, spika zikaharibika, Ngolo akarudi kwao kulima, Silvester akazikwa. Timotheo akawa anapiga kwenye maharusi, halafu kwenye mahafali, halafu pale anapoitwa. Mwaka elfu mbili na tisa alirudi kundini. Alisimama mbele ya usharika akatubu: pombe, wanawake, ndoa isiyofungwa kanisani, dansi. Alitaja mengi mpaka mchungaji akaanza kumwonea huruma. Asukile hakumtaja.

Basi, tumrudie Yudith pale uwanjani.

"Twende wote leo," Yudith alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Gari zipo. Ukae naye, umwite jina lake, umpigie. Hataki kitu kingine, na mimi sitaki kingine."

"Jumamosi nina shughuli," Timotheo akasema.

"Shughuli gani?"

Matilda ndo akajibu, na hapo nyuma kidogo angejibu kwa mbwembwe: wanamtunza mzee. Ukumbi umeshapambwa. Kuna Gideon, mtangazaji wa redio, ndo kaandaa yote, na itatangazwa moja kwa moja, mpaka Mbeya watasikia. Atapewa ngao. Imeandikwa Baba wa Saksafoni.

Yudith akatazama ile chai.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Basi usije. Mtaje hapohapo, Jumamosi. Nitamwekea redio kwenye sikio lake zima. Ukifika pale, badala ya kujitaja wewe, sema Asukile Mwambene. Maneno mawili, baba mkubwa. Hata usieleze kitu."

Timotheo aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Nitamtaja."

"Nikamwambie?"

"Kamwambie."

Ndipo Yudith akakaa. Akanywa ile chai yote, imepoa hivyohivyo, na Matilda akamfungia viazi vya njiani. Akamshukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga, mama," akaondoka.

Usiku huo Matilda aliuliza swali moja tu. "Na siku ile tumekutana, pale Makambako, uliponipigia mimi peke yangu nikalia. Ilikuwa hiyo?" Timotheo akasema ilikuwa hiyo. Matilda akageukia ukutani.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wazee walikuja na suti za zamani zinazonuka kafuri, vijana walikuja na simu. Gideon alikuwa na suti ya buluu na mdomo usiochoka. Timotheo alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Matilda mara mbili. Mfukoni alikuwa na karatasi kaandika: Asukile Mwambene. Kama vile angesahau.

Vijana wa bendi ya kukodi walimpigia vizuri. Aliimba Yunisi kwa sauti yake ya sasa, iliyokwaruza, watu wakaimba naye. Aliwataja Silvester na Ngolo, watu wakapiga makofi kwa ajili ya marehemu na aliye hai. Magitaa yakapungua. Ngoma zikashuka. Kipaza sauti kiko mbele yake, na upande wa pili wa kipaza, kilomita zaidi ya mia tatu, kuna mzee kalala na redio sikioni.

"Na sasa," Timotheo akasema.

Ukumbi ukamalizia. Hawakusubiri hata kidogo. Mia nne kwa sauti moja: "Timotheo mwenyewe." Wanaujua huo mstari kuliko wimbo wa taifa. Kuna mama mmoja mbele kabisa alikuwa analia huku anacheka, kamnyooshea mikono miwili. Gideon naye kakunja ngumi kifuani, kama anaona kitu kitakatifu.

Alikuwa na nafasi. Tusimwonee, lakini pia tusimtetee: nafasi alikuwa nayo. Angeinua mkono, wangenyamaza, angesema. Sekunde tatu. Vidole vyake viligusa karatasi mfukoni. Halafu vikatoka, vikashika saksafoni, akaitia mdomoni.

Akapuliza. Alipofika pale panapomezwa kilio, hakupapata, kama siku zote. Wakampa ngao.

Jioni aliiweka ngao kabatini, Matilda akaitoa akaiweka sakafuni, bila maneno. Redio ya nyumbani ilikuwa wazi mchana kutwa, na mama huyu alikuwa kabaki nyumbani makusudi ili asikie kama Uyole walivyosikia.

"Kesho naenda," Timotheo akasema.

"Nenda. Na kwa kuwa unaenda, niletee mbegu ya viazi. Mvua imeshaanza, sina hata debe la kupanda."

Jumapili alipanda gari alfajiri na saksafoni kwenye boksi lake, kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Abiria mmoja alimtambua, akaomba wapige picha. Akapiga.

Nyumba ya Asukile iko nyuma ya kile kibanda cha redio, na kibanda bado kipo, kimefungwa, redio zimepangwa dirishani kama zinasubiri wenyewe. Yudith alimpokea mlangoni. Alimsalimia, akampokea mzigo, akampa maji ya kunawa. Kila kitu cha heshima alikifanya. Neno baba mkubwa ndo halikutoka.

"Alisikia?" Timotheo akauliza.

"Alisikia. Tulimkalisha tangu saa nane, alitaka kunyolewa ndevu, tukamnyoa. Watu waliposikika wakipiga kelele, akasema, subirini, anakuja kunitaja. Mkaendelea. Wimbo ulipoisha akasema nizime." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Akaomba kulala. Kalalia sikio zima. Tangu jana hajageuka. Kumlisha tunamlisha hivyohivyo. Tukitaka kumgeuza anashika godoro."

Ndani kulikuwa na kitanda, stuli, na dirisha dogo. Asukile alilala kwa ubavu wa kulia, shavu limezama kwenye mto, sikio zima liko chini kabisa. Lile lililo juu ndo lile lililokufa. Alikuwa kabaki mifupa na macho. Macho yalikuwa wazi. Yalimwona Timotheo anaingia, hayakuhama.

"Kamwene, mdogo wangu," Timotheo akamsalimia.

Macho yalibaki hapohapo.

Timotheo akakaa kwenye stuli. Akazungumza. Alimweleza habari ya Ruaha Mbuyuni, ya Silvester na barua, ya kwamba angemuuliza na hakumuuliza. Alimweleza na ya Jumamosi, karatasi na yote. Alizungumza na sikio bovu, alijua, na aliendelea, kwa sababu hakuna namna nyingine iliyobaki. Akainama karibu, akaita: "Asukile." Akaita tena: "Asukile Mwambene." Mara ya tatu aliita kwa nguvu mpaka kuku wakatimka nje. Jirani mmoja akauliza huko kuna nini.

Mzee hakuinua kichwa.

Basi Timotheo akafungua boksi. Akalowesha ridi mdomoni, akaikaza. Hakuimba. Alianzia palepale, saksafoni peke yake. Chumba kilikuwa kidogo, sauti ilijaa ikagonga bati. Akapanda mara ya kwanza, akapanda mara ya pili, akapanda mara ya tatu na kile kilio kikamtoka wazi, bila kumezwa, kama miaka yote.

Mkono wa Asukile ukatoka kwenye blanketi. Wa kushoto. Kidole kimoja kikagonga godoro mara mbili, kwa hasira, kama mwalimu anavyogonga ubao.

Timotheo akaacha. Akarudia. Alipofika pale, kidole kikagonga tena. Halafu mzee akakunjua vidole vyote vya kushoto juu ya godoro, kama vimeshika saksafoni, na akavicheza polepole. Kidole cha kwanza kikainuka. Cha pili kikainuka. Cha tatu, kile cha pete, hakikuinuka. Kilibaki chini, kimekandamiza, wakati vingine vyote viko juu.

Timotheo alitazama kile kidole. Miaka arobaini na saba alibadilisha midomo. Jino kang'oa. Na ilikuwa kidole.

Akapuliza akiacha kidole cha pete chini. Sauti ikapanda, ikataka kulia, ikameza. Yudith, aliyekuwa mlangoni na sahani ya uji, aliiweka sahani chini.

Akamaliza mpaka mwisho. Asukile alirudisha mkono ndani ya blanketi, akafumba macho. Shavu lilikuwa palepale kwenye mto.

"Amesikia?" Timotheo akanong'ona.

"Kaona," Yudith akasema. "Kusikia sijui. Mimi sijamwona akigeuka."

Wakatoka nje. Timotheo aliifunga saksafoni kwenye boksi. Akasema atampigia Gideon, hata leo, atasema yote redioni, jina na mwaka, watu wajue ni nani aliyepuliza.

"Sema," Yudith alimjibu. "Watu wa redio watasikia. Ni vizuri wasikie." Akatazama dirisha dogo la chumba. "Ila jana alikuwa kakaa, mzee. Kanyolewa ndevu."

Timotheo akaliinua boksi.

Simu ikalia. Ilikuwa Matilda. Hakuuliza ya Asukile, labda alisikia kwenye pumzi. Alisema tu mbegu ya viazi asichukue iliyochipua sana, na asichelewe, sokoni Jumapili wanafunga mapema na gari la mwisho halisubiri mtu. Timotheo akaitika, ndiyo, ndiyo, ya duara, ndiyo, debe mbili.

"Hilo boksi liache," Yudith akasema, "utalipitia ukirudi, usibebane nalo sokoni."

"Nalibeba tu."

"Safari njema, mzee."

Alipita pembeni ya kibanda cha redio, boksi mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unaning'inia, na vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe hewani, kile cha pete kimekunjwa chini. Barabarani akauliza wauza mbegu wako upande gani, akaonyeshwa, akavuka.